Kakakuona na Kompyuta ya Konokono

Si zamani sana, wanyama wote wa mwituni walitumia mfumo mmoja wa kuendeshea kompyuta zao, Linux, na mlinzi wa kila toleo lake jipya alikuwa Kakakuona. Sharti lake lilikuwa moja tu: kila programu iliyosasishwa ijaribiwe kwanza kwenye kompyuta kuukuu ya Konokono. Ikiigandisha, haiingii kwenye toleo.

Nyati, asiyezoea kukataliwa, akaleta programu yake. Kompyuta ikaganda.

"Subiri toleo lijalo," alisema Kakakuona.

"Kwa ajili ya konokono mmoja?" Nyati alifoka.

"Huyo mmoja naye anaitumia Linux yetu."

Nyati hakuondoka. Alijua Kakakuona naye ana programu yake, aliyoihangaikia miaka mitatu, akataka aone itapitaje.

Siku ya mwisho ya kupokea programu, Kakakuona akaileta mbele ya wanyama wote. Konokono akabonyeza. Kompyuta ikaganda.

"Mzee," Konokono alinong'ona kwa haya, "kioo tunakiona sisi wawili tu, nitasema imekubali. Nani atajua?"

Kakakuona alijikunja akawa mpira. Alipojikunjua, aliifuta programu yake kwenye orodha ya toleo kwa mkono wake mwenyewe, kisha akalitoa toleo bila hiyo.

Nyati akainamisha pembe zake hadi chini.

"Mzee," aliuliza kwa sauti ndogo, "foleni ya toleo lijalo inaanzia wapi?"

"Nyuma yangu," alijibu Kakakuona.