Homa ya Kapitano

Sanduku lilishika moto mara ya pili kabla ya adhuhuri, na chatu aliyekuwa ndani hakujisumbua hata kuinua kichwa.

Famau alimwaga ndoo nzima ya maji ya bahari, akakohoa moshi, kisha akachungulia kwenye wavu. Kapitano alikuwa palepale pembeni, amejiviringa kama kamba ya nanga, anatetemeka.

"Yu hai?" aliuliza mkewe, Hafswa, kutoka mlangoni. Tangu nyoka aingie uani, Hafswa hakuvuka kizingiti.

"Yu hai. Ana baridi tu."

"Basi mchome vizuri, baridi itamtoka."

Famau aliitua ndoo chini. Alikwisha kuunda vyombo kumi na viwili hapa kisiwani Chovai, hakuna hata kimoja kilichovuja, na leo sanduku la mbao lilikuwa likimtia aibu. Ilimuuma. Lakini kilichomnyima usingizi ni dau lake, alilokuwa akivulia. Waitaliani walikuwa wamelizuia bandarini Kismayu kwa kukosa karatasi, na bila dau nyumba ile haikuwa na kitoweo.

Daktari Beltrami, wa Waitaliani haohao, ndiye aliyempa matumaini. Daktari huyo alipenda nyoka kuliko wagonjwa wake, na Kapitano alikuwa kipenzi chake, wa kupelekwa Italia kwa meli. Alimwambia Famau aunde sanduku na amtunze nyoka mpaka meli ije. Kapitano akipanda melini mzima, dau litarudi. Akifa, Famau asahau dau.

Wiki ileile alipoingia sandukuni, Kapitano aliacha kula, akajikunja pembeni na kuanza kutetemeka. Daktari alimtazama, akatikisa kichwa: ni homa ya baridi, sanduku litiwe joto. Akaenda zake bara kwa miezi miwili na ushei.

Mara ya kwanza Famau alitia jiko la makaa ndani, ubao ukawaka. Mara ya pili alitundika fanusi. Upepo wa kusi ukaitikisa, mafuta yakamwagika. Jirani yake Nassor hakupita ukutani bila neno.

"Mchu amuotesha nyoka moto, na jua lote hili!"

Alasiri ile akaja Bi Mashavu, mama yake Hafswa, mkunga wa kisiwa. Famau alimheshimu na kumwogopa kwa kipimo kimoja, maana bibi huyo hakuwahi kusifia kazi yake yoyote. Aliinama kwenye wavu, akatazama sana. Kapitano akamfokea kwa pumzi ndefu. Bi Mashavu akacheka peke yake.

"Nani alomwita Kapitano?"

"Daktari, Mama."

"Daktari wa wachu au wa nyoka?"

"Wa watu."

"Ndiyo maana," alisema, akajikalia mkekani.

"Mama, dau langu limo mikononi mwa huyu nyoka."

"Nyoka hana mikono, baba. Sikiza. Nimewapasha joto wazazi wa hapa miaka thelathini. Umesikia nimechoma kitanda cha mchu? Makaa na ubao havikai pamoja. Maji ya moto hayachomi nyumba."

Famau alimeza kiburi chake, akashika randa. Aliunda kilalio cha kukalia sanduku, chenye saraka kubwa ya kuvuta, wakasaidiana na Nassor kuliinua sanduku lote na kuliweka juu yake. Alitaka kwanza kumtoa Kapitano, lakini Bi Mashavu alimpiga kofi mkononi. Nyoka asiguswe, asisogezwe hata shibiri.

Ndani ya saraka iliingia mitungi miwili ya maji ya moto, imezibwa midomo na kuvikwa magunia, upande wa Kapitano tu. Upande wa pili uliachwa baridi, pamoja na bakuli la maji, ili akizidiwa na joto ahamie. Kila mtungi ulipimwa kwa kiwiko. Kiwiko kisipovumilia, maji yapoe kwanza.

"Na chakula, Mama? Hali kitu."

"Hatakula."

"Mpaka lini?"

"Arubaini. Labda arubaini mbili."

Basi Famau, ambaye hakuwahi kujichemshia chai, akawa mchemsha maji ya nyoka: alfajiri, adhuhuri na magharibi. Sanduku halikuungua tena. Kapitano alikonda, akaendelea kutetemeka, na asilani hakuhamia upande wa baridi. Famau akaanza kumpenda. Alimsemesha, akamsihi ale, akamwambia waziwazi kuwa anaogopa.

Siku mbili kabla ya meli, Kapitano aliacha kutetemeka. Hakutikisika tena.

Siku ya meli, Daktari alifika na boti asubuhi, na hata salamu hakutoa.

"Yu hai?"

Famau alimwonyesha sanduku.  Bi Mashavu alikuwa nyuma yake, amekunja mikono, na Hafswa mlangoni, amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Daktari aliinua wavu mwenyewe. Kapitano akatoa ulimi, akaonja hewa, akaurudisha.

"Yu hai!" Famau alipiga kelele. "Yu mzima, bwana! Dau langu!"

Lakini Daktari hakumsikia. Alisimama na wavu mkononi, mdomo wazi, uso umemwiva.

Bi Mashavu alimsogeza mkwewe kando, akapiga vigelegele vitatu kama apigavyo kwenye milango ya wazazi waliojifungua, na kutoka katikati ya mikunjo ya Kapitano, penye maganda ya mayai, vichwa vidogo ishirini na tatu vikainuka kumtazama.