Betri Zifike Asubuhi

Betri zilikuwa zinakufa saa nane za usiku. Kabine ya umeme ya mtaa, yaani transfoma, iliungua Ijumaa, mvua haikuacha jua la kutosha lifike kwenye paneli za juu ya paa, na chumba cha nyuma cha kituo cha uzazi, kisicho na hata dirisha moja, kilibaki giza mpaka paneli zipate mwanga wa asubuhi. Humo walilala watoto watatu waliozaliwa kabla ya wakati: wa Keren, wa Ramla, na wa Sephora, binti wa fundi Casimir.

Jumatatu mchana Casimir aliingia na begi la vyombo vyake. Alikuwa fundi wa redio. Shule aliiacha darasa la sita, na zile kadi ndogo zinazoandikiwa programu alijifunza kwenye simu, kwa kukosea na kurudia. Taa ya chumba kile aliijua. Ilikuwa taa ndefu ya bluu, msaada wa wageni. Mwaka uliopita swichi yake ilipokufa, ni yeye aliyeifungia kadi mpya. Siku ile Dokta Mumba alimwambia, "Weka mwisho kabisa, na usiniulize." Casimir aliandika mia mbili hamsini na tano, ambayo ndiyo mwisho, akaenda zake.

Sasa Dokta alikuwa Pweto, amekwenda kumzika mama yake. Annie, muuguzi, alikuwa peke yake tangu Jumamosi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Papa Casimir, ile taa isizime, ata saa moja," alisema. "Na mwangaza usipunguke. Unasikia?"

"Mununue betri ingine, basi."

"Na makuta gani? Niuzishe bwana yangu?"

"Nani atamununua?"

Annie alicheka kidogo.

Sephora alikuwa kwenye benchi la mlangoni, anakamulia maziwa kwenye kikombe. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hii. Huyu alimpa jina la babu yake, Casimir, siku ileile aliyozaliwa, kana kwamba anaogopa kuchelewa.

"Baba, banamulalisha uchi," alisema. "Na banamufunga kitambaa kwa macho."

"Ni juu alale. Weye ungeweza kulala na taa kwa uso?"

Akakaa chini, akafungua kompyuta yake yenye kioo kilichopasuka.

Taa ya namna ile haipunguzwi kwa kuinyima umeme. Programu inaiwasha na kuizima, mara elfu kwa sekunde moja, na inaamua kila mara ikae imewaka kwa muda gani. Ikikaa imewaka theluthi tu, inakula theluthi ya betri. Jicho halioni kuzimika kwake. Linaona taa imewaka, basi. Na mwangaza ukishuka polepole, jicho linashuka nao. Casimir aliandika ishuke ngazi moja kila sekunde nne, kutoka mia mbili hamsini na tano mpaka themanini na tano. Kisha akavuta kiti karibu na Annie, akaanza kumuuliza habari za msiba wa Pweto, za mvua, za bei ya makaa.

Zilipita dakika kumi na mbili.

"Utaanza saa ngapi?" Annie akauliza. "Miye niko na kazi."

"Imekwisha kale."

Annie aliinuka. Aliitazama taa, akawatazama watoto, akapitisha mkono wake chini ya ule mwangaza. Mkono ukawa wa bluu kama siku zote.

"Haikupunguka?"

"Weye unaonaje?"

"Minaona ni ileile."

"Basi ni ileile," alisema Casimir.

Jumanne alfajiri taa ilikuwa bado inawaka. Jumatano vilevile. Annie alikuwa amelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza, akamwita Casimir "ingénieur" mbele ya wamama wote, na mzee akajifanya hakusikia ili aitwe tena.

Mtoto wa Sephora naye alikuwa ameacha kulia. Ilibidi wamwamshe anyonye, akavuta mara mbili tu na kusinzia.

"Ameshiba," Casimir akamwambia binti yake. "Sasa analala kama muntu. Na weye ukalale."

Alhamisi mtoto wa Keren alifariki. Watu walisema alizaliwa mapema mno, na kweli ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Casimir alikwenda kuwafungia taa kwenye matanga, akakataa malipo.

Ijumaa asubuhi Dokta Mumba alirudi, viatu vyake bado vina tope la njiani. Aliingia chumba cha nyuma. Alimbonyeza mtoto wa Ramla kifuani kwa kidole, akaitazama ngozi iliyogeuka manjano. Alimbonyeza wa Sephora. Kisha akatoa kwenye droo kipimo kidogo cha mwangaza, chenye namba, akakiweka chini ya taa, pale pale mtoto alipolala. Alikisoma, akakifuta kwa shati lake, akakisoma tena.

Alipotoka, Casimir alikuwa amekaa kwenye benchi na binti yake.

"Nani amepunguza dawa?" Dokta akauliza.

"Dawa gani, Dokta? Miye niligusa taa tu."

"Ile taa ndiyo dawa ya manjano yao," Dokta akasema.

Betri zilikuwa zimefika asubuhi mara nne, hazikuzima hata dakika moja. Mtoto wa Keren, kilo moja na gramu mia tano, Alhamisi. Mtoto wa Ramla, kilo moja na gramu mia tisa, Ijumaa saa sita mchana. Casimir, kilo mbili, saa kumi.