Spika ya Kusikika Ng'ambo

Shaweji hakuwa na mke tena, hakuwa na ng'ombe wa karamu, wala hakuwa na subira. Alikuwa na harusi ya binti yake, na leo alitaka spika.

“Ndogo,” alisema, ingawa kuta za duka zilikuwa zikitetemeka. “Tena hii itaungua kabla ya alfajiri.”

“Mzee wangu, hii ni ya tano!” alifoka Bi Mwanahawa, mwenye duka. “Unataka isikike wapi, mbinguni?”

“Ng'ambo ya mto, kwa kaka yangu. Hatusemezani. Akisikia ngoma, atakuja.”

“Baba mkubwa wa bibi harusi haalikwi kwa spika!”

Shaweji alinuna.

“Zima hiyo kelele,” alisema hatimaye. “Nipe karatasi.”

Akaandika mstari mmoja, akalamba bahasha, akaifunga, akamkabidhi muuza maziwa aliyekuwa akielekea darajani.