Nyongeza ya Mzee Lwitiko

"Limebaki moja tu, mzee," karani wa pensheni alisema. "Hii nyongeza uliyokuwa ukiichangia kazini, unachukua ya peke yako au ya wawili?"

Mzee Lwitiko, bwana afya mstaafu, aliuliza tofauti yake.

"Ya peke yako ni kubwa, ila ukitangulia wewe, inakoma. Ya wawili ni ndogo, lakini mama ataendelea kulipwa."

Mkewe, Tumpe, alikaa pembeni yake akimenya chenza, gauni likimpwaya mabegani. Lwitiko hakumtazama. Wiki iliyopita daktari alimwita yeye peke yake koridoni, akamwambia mama hatamaliza mwaka. Tangu hapo amekuwa akimwambia mkewe ni vidonda vya tumbo tu, vitapona.

Hela kubwa ingewafaa kwa dawa. Lakini angetamkaje "ya peke yangu" mbele yake?

"Andika ya wawili, binti yangu," alisema.

Tumpe aliacha kumenya.

"Mwanangu, andika ya peke yake," alimwambia karani kwa upole.

"Mama Atu..."

"Baba Atu, nyumba ile inavuja. Mvua zikija utalala wapi?"

Karani aliinua vidole kutoka kwenye kompyuta, akawatazama kwa zamu.

Tumpe aligawa chenza katikati, akamwekea mumewe nusu kiganjani kama siku zote. Nusu yake aliishika kidogo, kisha akamwekea na hiyo.

Lwitiko akabaki na chenza zima mkononi, na karani akisubiri.