Karatasi za Karanga

Mzee Lwitiko hakuwa na meno, lakini kila jioni alinunua karanga kwa Semeni.

"Babu, karanga zote hizi anakutafunia nani?"

"Wewe funga tu, mama. Kwa karatasi za kitabu kile unachokichana."

Kitabu kilikuwa na tafsiri ya opera, mchezo wa kuimbwa ambao santuri ya mzee iliuimba kwa lugha asiyoijua. Kwa kusoma karatasi hizo, alikuwa amefika pale binti aliyetoroka anapobisha mlangoni kwa baba yake. Binti yake mwenyewe alibisha Kwaresima iliyopita, naye hakumfungulia.

"Karatasi ya mwisho nimeshamfungia mteja," Semeni alisema.

Mzee alijikokota hadi nyumbani, akaweka santuri. Mama aliyeimba sehemu ya binti yule alipopandisha sauti, mzee aliinuka akisali, akaondoa komeo la mlango, kisha akakaa tena kusikiliza.