Wati za Kizito

Jentrix alipotoa kipima sauti kwenye mkoba, Kizito mkodisha spika alimwona, akatabasamu, kisha akaongeza sauti. Turubai la harusi likatetemeka. Kuku wa boma la jirani wakapotelea kwenye miwa.

Jentrix alijisemea kwamba huyu ana madharau. Afisa wa kelele hakutoka mjini Bungoma hadi Kabuchai kuja kucheza.

Barua tatu zisizo na jina zilikuwa zimefika ofisini, zote zikilia kwamba spika za Kizito zinapasua watu masikio. Afisa aliyemtangulia Jentrix alipeleka desibeli tupu mahakamani katika kesi kama hii. Wakili akamuuliza alikuwa amesimama wapi, mahakama ikacheka, naye akahamishiwa kukagua vyoo vya sokoni. Jentrix hakutaka vyoo. Alitaka nguvu ya spika yenyewe, ile isiyobadilika hata mpimaji akisimama mbali kule mjini Moi's Bridge.

Akavuta futi kamba kutoka kwenye spika hadi mita kumi. Desibeli mia moja na mbili. Akarudishia ishirini na nane zilizopotea njiani, akapata mia moja thelathini. Akazigeuza kuwa wati, akapiga hesabu upya gotini ili wakili yeyote akose pa kushika.

Kizito mwenyewe ndiye aliyemletea kiti. Akaleta na soda. Akauliza kama karatasi ya vipimo itakuwa na muhuri, na kama nguvu ya spika itaandikwa kwa herufi kubwa. Jentrix akaisukuma soda kando, akamwambia spika zitafungiwa mwezi mzima.

"Mwezi si kitu, madam. Wewe andika tu."

Akaandika, akagonga muhuri, akampa. Kizito akasoma. Tabasamu likatoweka.

"Wati kumi? Madam, si hizi spika zimeandikwa elfu mbili?"

Jentrix akamweleza kwamba elfu mbili ni umeme unaoingia. Mwingi huishia kuwa joto. Inayotoka kama sauti ni hiyo kumi, nayo inatosha kumtia mtu uziwi.

Kizito akazima muziki. Bibi harusi akabaki na mguu mmoja hewani.

"Kemboi wa Kitale ananinyang'anya harusi zote, ati yeye ana wati elfu tatu," akanong'ona. "Sasa unafikiri niliandika barua zote tatu ndio serikali iniite kumi?"