Kipimo Chini ya Upenu

Bustani ya Bi Zawena ilikuwa kinamasi. Mtambo wa maji ulimwagilia wenyewe asubuhi, mchana na jioni, hata siku ya mvua, na mawaridi yalikuwa yakioza mizizi. Fundi Tunu aliufuata waya wa mtambo mpaka akakifikia kipimo cha unyevu. Kilikuwa kimechomekwa kwenye chungu cha udongo mkavu, chini ya upenu.

"Nani amekiweka huku?"

"Mimi," alisema Bi Zawena. "Kitu cha bei kile, nikiache kilowe?"

"Bibi, huu ndio ulimi wa mtambo. Ukiuweka pakavu, mtambo utadhani dunia nzima ina kiu."

Akakichomeka katikati ya mawaridi. Maji yakakatika papo hapo. Bi Zawena akapiga makofi. "Jamani! Kumbe kazi ya dakika moja!"

Tunu hakucheka. Alikumbuka jinsi mtaa wao wa bondeni ulivyochimba kwa majembe mtaro wa mabomba ya kupandishia maji haya huku kilimani, kwa ahadi kwamba nao watapata bomba. Bomba walipewa. Miaka kumi na tisa halijatoa tone, na kila wakilalamika, wakubwa hupanda kupima maji huku huku kilimani, kisha huandika kwamba mji mzima unatosheka.

"Laiti na wao wangehamishiwa kipimo chao bondeni," alisema.

"Akina nani?"

"Kwaheri, bibi."

Bondeni, ndoo zilikuwa kwenye foleni mbele ya bomba kavu. Tunu alivua viatu, akavigonganisha. Tope la kilimani likaanguka, jeusi, bado bichi. Jirani yake Mashavu akainama, akaliokota, akalikamua polepole juu ya ndoo yake.